Kibao cha bucha: kaka anataka fonti ya Algerian, fundi wa brashi kakataa kuiandika. Nimsikilize nani?

dada_wa_Kihonda

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri maana hili limenichanganya kuliko hata leseni. Nafungua bucha hapa Morogoro, fremu ipo barabarani kabisa, mizani ninayo, friza ipo, gogo la kukatia limeshafika, kimebaki kibao cha nje tu.

Nikaenda steshenari ya jirani, yule kijana akanitengenezea muundo wa fleksi chapchap, hata soda sijamaliza, akaniandikia BUCHA LA NYAMA YA NGO'MBE NA MBUZI kwa yale maandishi manene yenye kivuli ndani, nikamwambia mbona kama nayajua haya, akasema dada hiyo ndio Algerian hiyo, ndio ya kiofisi. Basi nikatoka nje nikaanza kuangalia mtaani. Jamani! Shule ya msingi Algerian, zahanati Algerian, kanisa la kule juu Algerian, nimerudi nyumbani cheti changu cha ususi kilichopo ukutani miaka sita sijawahi kukiangalia vizuri, Algerian. Yani toka siku hiyo sina amani.

Kaka yangu ambaye ametoa nusu ya mtaji anaipenda hiyo hiyo, anasema inaonyesha uzito. Upande wa pili kuna mzee mmoja wa kuandika kwa brashi, nimempelekea ile karatasi kaiangalia kidogo kanirudishia, kasema mimi hii siandiki mwanangu, ukitaka hii nenda kaprinti. Na yeye anataka 80,000 wakati fleksi ni nafuu zaidi ya nusu.

Kwaiyo kwanza nielewesheni kwa nini nchi nzima tunaandika kwa fonti moja, alafu niambieni niweke nini. Msinicheke.

mbao_mbili

Dada watu wanafuata nyama, hawafuati herufi. Mizani yako isiibe, nyama isilale, hata ukiandika na mkaa mlangoni foleni itakuwepo. Hiyo 80,000 nunua kisu kizuri.

Msanifu Uchwara

mbao_mbili una hoja ila mtu anayepita na bodaboda kwa mara ya kwanza mizani yako haijui, kibao ndio anakiona.

Dada hongera kwa bucha. Swali lako la kwanza nalijibu hivi, fungua Word ya zamani kidogo alafu bonyeza pale kwenye orodha ya fonti. Ya kwanza juu ni Agency FB, inayofuata Algerian, ndio anakuja Arial na nduguze. Sasa kijana wa steshenari ana watu watano wamemsimamia kichwani, huyu anataka CV, huyu kopi ya kitambulisho, huyu karatasi imekwama kwenye printa, wewe unataka bango, unadhani atashuka mpaka herufi T? Anashika ya kwanza inayoonekana imevaa nguo za sikukuu basi. Ingeitwa Zanzibarian usingeiona popote.

Na hiyo fonti ni mzee kuliko sisi wote humu. Ilitoka Sheffield Uingereza, kwa waliokuwa wanamimina herufi za risasi za kuchapia, Stephenson Blake, mwanzoni mwa karne ya 20. Ni herufi ya kichwa cha tangazo, maneno mawili matatu makubwa basi. Haina hata herufi ndogo, wewe andika ndogo yenyewe inakutolea kubwa. Baadae ikaingia kwenye kompyuta pamoja na programu za Microsoft, na huku kwetu ikakuta hakuna mtu wa kuuliza, ikawa sare ya taifa. Mimi siichukii kwa kweli, tatizo lake kwako ni umbali. Ule mchirizi na kile kivuli ukisogea nyuma hatua ishirini vinaungana, unaona doa lenye meno.

Mambo mawili kabla hujaprinti chochote. La kwanza, umeandika NGO'MBE (au kaandika yule kijana). Alama inakaa baada ya G, ni NG'OMBE. Nusu ya mabucha ya nchi hii yameandika ngo'mbe, na ngo'mbe hata kutamka huwezi, jaribu sasa hivi ulipo. Ukishusha fonti za bure kwenye mtandao uwe makini pia maana nyingi waliozichora hawakuwaza ng' yetu, ile alama haimo kabisa, unapata kiboksi au pengo. Kiswahili hatuna vikofia wala nukta juu ya herufi kama Wafaransa, tuna hicho kialama kimoja tu na bado kinatushinda.

La pili, ukisema basi niweke Arial maana ni safi, sawa, ila andika ILALA kwa herufi ndogo inayoanza na kubwa, Ilala. Ile I kubwa na ile l ndogo ni kijiti kilekile, mgeni wa Kiswahili anasoma "llala". Kwa bucha haikuhusu ila nakuonyesha kwamba hata hizi za kawaida zina mitego yake.

ticha wa chekechea

Kabla hamjafika kwa Comic Sans, ile fonti ya kitoto inayochekwa, naomba niwahi maana najua mnakuja. Mimi nafundisha watoto wa miaka 4 na 5 na kila kitu darasani kwangu ni Comic Sans, na sio kwa kutojua. Angalieni a ya kwenye vitabu vingi, ina kichwa kimeinama mbele kama mtu amevaa kofia, na kwenye vingine g ina matumbo mawili. Hakuna binadamu anayeandika a ile kwa mkono! Mtoto namfundisha duara na mkia, alafu kwenye kitabu anakuta mdudu mwingine anaambiwa hii nayo ni a. Comic Sans a yake ni duara na fimbo, g yake ni duara na mkia, basi, mtoto anachokiandika ndicho anachokisoma.

Alafu aliyeichora, Vincent Connare, alikua Microsoft pale 1994, akaona kwenye programu moja ya kufundishia watu kompyuta kuna mbwa wa katuni anaongea, na maneno ya mbwa yameandikwa kwa Times New Roman. Akaona huyu mbwa anaongea kama hakimu. Ndio akachora hii kwa ajili ya mbwa. Wala haikuwahi ile programu, ikatokea baadae kwenye Windows 95, watu ndio wakaanza kuiwekea barua za kufukuzana kazi. Hilo kosa la fonti?

Msanifu Uchwara

Ticha nimenyoosha mikono hahaha. Na wale wanasayansi wa CERN, maabara ya fizikia kule Ulaya, walipotangaza ile chembe ya Higgs Julai 2012 slaidi zilikua Comic Sans, dunia nzima ikasahau fizikia ikabishana herufi.

leso_tatu

Mie niko Mombasa, nimesoma nikacheka peke yangu. Nyie mwatafuta herufi ya kusomeka kwa mbali na mumeivaa kiunoni. Angalieni leso, nyie mwaiita kanga. Pale chini kwenye ukingo jina limeandikwa herufi kubwa nyeusi, nene, hazina maua hazina kivuli, ndani ya kisanduku, na kando utaona K.H.E. MALI YA ABDULLA, hao wenye leso wako Mombasa tangu 1887. Leso yote imejaa maua, korosho, nyota, rangi zapigana, lakini maneno yameachwa wazi kabisa. Kwa nini? Kwa sababu maneno ndiyo ujumbe. Jirani lazima alisome akiwa dirishani kwake na wewe wapita zako wamwendea muuza samaki, na hutaki akuulize limeandikwa nini, wataka alisome akasirike hapo hapo.

Bibi yangu alikuwa na zile za zamani za maandishi ya Kiarabu, maneno ni ya Kiswahili lakini yameandikwa kwa herufi za Kiarabu, maana ndivyo wazee walivyoandika. Akisoma bila miwani. Hizi za Kizungu zilipotoka akilalama kuwa hazina sura, eti zimesimama kama miti ya ua.

Dada, maua yaweke kwenye ukuta. Herufi iache.

msee_wa_route

Nairobi hapa. Hii story ya leso imeniuma kwa sababu ni ukweli. Mathree zetu (matatu) mnazijua, zimepigwa graffiti mpaka kwa rim, herufi zimepinda zimefanya moto, kuna gari mimi hupanda kila siku na sijui jina lake ni gani, yani sijawahi kusoma. Waziri wa uchukuzi Michuki alileta zile sheria zake 2004 gari zikapigwa mstari wa njano, baadaye Rais Uhuru akasema vijana waachwe wapake. Lakini angalia kwa kioo ya mbele: namba ya route iko plain tu. Hakuna graffiti ya namba ya route. Ile ya kuvutia ni ya kuvutia na ile ya kusoma ni ya kusoma, hata makanga (konda) anajua.

wakili_wa_kijiweni

Natoka nje ya mada kidogo. Msidharau fonti, zinaweza kukufikisha mahakamani. Pakistan 2017, familia ya waziri mkuu Nawaz Sharif ilikua inachunguzwa kuhusu mali za nje, binti yake akaleta hati ya tarehe ya Februari 2006. Wachunguzi wakaikuta imechapwa kwa fonti ya Calibri, na Calibri imekuja kwa umma na Office 2007. Watu walicheka mwezi mzima. Kilichomwondoa mzee madarakani Julai ile kilikua kitu kingine, lakini Calibri ndio imebaki midomoni. Kwaiyo mnaogushi vyeti vya miaka ya 90 mkiwa na kompyuta ya mwaka jana, nawasalimu.

MzeeBrashi

Nimeitwa na kijana wangu nije nisome huku. Mimi sio huyo mzee wa Morogoro ila kazi ni moja, nimeandika vibao tangu 1986, maduka, mashule, malori, majeneza pia. Naandika kwa simu mniwie radhi.

Dada huyo mzee hajakudharau. Algerian kwa brashi ni kuchora herufi moja mara tatu, mwili, mchirizi, kivuli, alafu mteja anasimama ng'ambo ya barabara anasema mbona haionekani. Ndio maana kakataa.

Nikueleze nyama ya kazi yenyewe ili ujue 80,000 inaenda wapi. Kwanza unapiga mistari miwili kwa kamba ya chaki, unaivuta unaiachia, tap. Hapo mtu wa nje anadhani kazi ni kujaza herufi kati ya mistari. Hapana. O ukiifikisha kwenye mstari kamili itaonekana ndogo kuliko H iliyo pembeni yake, lazima uitoe nje kidogo juu na chini, unene wa ukucha, ndio jicho litasema ziko sawa. S hivyo hivyo, na tumbo la juu liwe dogo kuliko la chini, ukizisawazisha inaonekana inaanguka kichwa. Pita mjini utaona S zimegeuzwa juu chini, hao ni wa kukata stensili, hawakujua ina juu na chini.

Pili nafasi. Rula haitumiki. Chukua neno lako NYAMA. Ukipima Y na A kwa rula sawasawa na ulivyopima M na A, katikati ya Y na A pataonekana pengo la kupita mbuzi. A inatakiwa iingie kwenye kwapa la Y. Mwalimu wangu alikua ananiambia fikiria unamwaga mchanga kati ya herufi na herufi, kila pengo lile mchanga uleule. Kompyuta nayo inajua hilo siku hizi lakini yule kijana akishavuta herufi zijae kwenye fleksi, zikanenepa kwa upande kama zimekaliwa, hesabu yote imekufa.

Tatu kivuli. Kivuli sikikatai, ila kiwe cha nje na kiwe kushoto chini. Vijana huuliza kwa nini kushoto. Angalia B, E, R, P, zote mgongo wake ulionyooka uko kushoto, brashi inashuka mara moja umemaliza. Ukiweka kulia utazunguka kila tumbo na kila mguu, siku nzima.

Nne ukubwa. Sisi tunahesabu inchi moja ya herufi kwa kila futi 10 za umbali. Kama mtu wako yuko ng'ambo ya barabara futi 60 basi neno kubwa liwe inchi 6, hapo anasoma bila kukodoa macho. Sasa BUCHA LA NYAMA YA NG'OMBE NA MBUZI kwa inchi 6 halitoshi kwenye fremu yako labda ununue na ya jirani. Andika NYAMA. Kubwa. Chini yake ng'ombe na mbuzi kwa udogo. Kila mtu akiona nyama inaning'inia anajua ni bucha.

Rangi ya mafuta, nyeupe juu ya nyekundu. Fleksi ile nyekundu yake jua likiipiga inakua pinki, na nyama ya pinki dada unajua wateja watasemaje.

dada_wa_Kihonda

Shikamoo mzee. Kwapa la Y nimecheka mpaka mtoto kaamka. Nimetoka nje usiku huu na tochi kwenda kuangalia kibao cha jirani, kweli NYAMA yake ina pengo, ila mbuzi hapiti, labda kuku.

Swali moja la nyongeza, kaka anataka pia picha ya ng'ombe. Niweke?

Mbongo_Leeds

Weka. Ila ng'ombe mwenye sura, sio lile ng'ombe la maziwa la Ulaya wanalolitoa Google.

Na hapo kwa ng'ombe mmenikumbusha. Huku Uingereza alama za barabarani, herufi na michoro yake, zilifanywa na watu wawili, Jock Kinneir na Margaret Calvert, huyo mama kazaliwa Afrika Kusini. Walianza na barabara mpya ya Preston 1958 alafu wakapewa nchi nzima. Kabla yao kila halmashauri iliandika inavyojua, kama sisi. Shida yao ilikua kama ya dada, msomaji hajasimama, anapita kwa kasi, una sekunde chache tu. Wakachagua herufi ndogo zinazoanza na kubwa, kwa hoja kwamba neno linakua na umbo lake, lina vichwa na mikia, unalitambua kabla hujamaliza kulisoma. Walibishiwa sana, kuna waliosema herufi kubwa tupu inatosha.

Sasa ile alama ya tahadhari ya mifugo, yenye ng'ombe mweusi katikati ya pembetatu nyekundu, Calvert alimchora ng'ombe wa kweli wa shamba la ndugu zake, aliitwa Patience. Kila nikiipita naiamkia. Kwaiyo dada nenda kamwangalie ng'ombe halisi, mpige picha wa pembeni, mpe mzee achore huyo huyo.

mbao_mbili

Yani umpige picha ng'ombe, umuweke kwenye kibao, alafu umuuze kwa kilo chini ya picha yake. Nyie watu.

Msanifu Uchwara

Mbongo hoja ya herufi ndogo ni nzuri kwa majina ya miji, ila kwa neno la herufi tano kama NYAMA mimi niko na mzee na leso, kubwa tupu. Kwenye mstari wa chini ndio utumie ndogo, "ng'ombe na mbuzi", na pale hakikisha ile alama haijaning'inia mbali na g kama inzi.

dada_wa_Kihonda

Mrejesho wakuu, samahani nimekawia.

Mzee wa brashi kaja Jumamosi na ngazi yake. Nilimwandikia neno NG'OMBE kwenye karatasi mara tatu akanitazama kama namtukana, akasema mwanangu mimi nimeandika ng'ombe kabla hujazaliwa. Kapiga kamba ya chaki, tap, kama alivyosema MzeeBrashi. Kaandika NYAMA nyeupe juu ya nyekundu, A imeingia kwapani kabisa, kivuli kushoto chini cheusi. Nilimuuliza kwa nini kushoto, kwa makusudi tu, akasema "mkono unashuka mara moja". Nikanyamaza. 80,000 ikawa 70,000 na kilo moja ya steki.

Nimesimama ng'ambo ya barabara kwa muuza mahindi, inasomeka. Muuza mahindi hasomi sana ila kasema "umeandika nyama".

Ng'ombe tumemchora wa jirani, mwenye nundu na pembe moja iliyopinda, mwenye ng'ombe kafurahi kaleta watu kuangalia.

Kaka alikasirika siku mbili. Tumeelewana, karatasi ya bei ya ndani nimemwachia yeye. Kaiprinti, kaitia plastiki, kaitundika juu ya mizani. STEKI, MCHANGANYIKO, UTUMBO, MAINI, zote Algerian.